Tela la jeshi M416 nyuma ya Tacoma: uzoefu wangu baada ya kuligeuza la kambi

Wakuu, nilichonunua ni tela dogo la jeshi la Marekani, M416, lile la robo tani lililokuwa linavutwa na jeep za M151 miaka ya 1960 na kuendelea, na sa hivi nalivuta na pikapu ya Toyota Tacoma double cab ya 2012, V6 4x4, huku Arizona, mi na mama watoto na watoto wetu wawili. Nalipenda sana hili tela na nitaeleza kwa nini, ila niseme mapema kitu ambacho wauzaji wengi hawakwambii: unachonunua pale ni bodi na chesisi, basi. Vingine vyote, ekseli, tairi, taa, waya, kiungo cha mbele, uwe na hela ya kuvitoa na kuweka vingine. Ukiingia na hesabu hiyo utafurahi, ukiingia ukidhani la jeshi maana yake unalifunga tu Ijumaa jioni na kuingia porini, utarudi umenuna.

Kwanini M416 na sio yale makubwa? Watu wengi huku wanakimbilia M1101 na M1102, matela ya Humvee, lile gari pana la jeshi. Ni mazuri, bodi yake ni alumini, breki yanazo tayari, na M1102 inabeba zaidi ya kilo 1,200. Lakini likiwa tupu tu lina kilo 650 na ushee, alafu upana wake umefuata Humvee, karibu mita 2.2, wakati Tacoma haifiki 1.9. Sasa fikiria unapita njia ya mawe ambayo gari lenyewe linapenya kwa taabu, alafu nyuma unavuta kitu kipana kuliko wewe. Mwenye pikapu kubwa kama Ram 2500 au Silverado 2500 ya zamani kidogo alichukue tu, hata mpangilio wa bolti nane unafanana na wa gari lake. Kwa Tacoma, hapana. M416 likiwa tupu ni kama kilo 260, mnaweza kulisukuma watu wawili likageuka mahali ambapo gari haligeuki.

Kununua. Matela ya jeshi yanapita minada ya serikali, GSA Auctions na GovPlanet, na ukinunua huko unapewa fomu inaitwa SF97 ndo unaenda nayo kutafuta hati ya umiliki. Ila M416 zimetoka jeshini zamani, nyingi ziko mashambani kwa watu binafsi na zimeshapita mikono mingi, kwahiyo swali la kwanza kabla ya bei liwe makaratasi. Langu lilikuwa na hati safi. Kuna jingine nililikuta la bei nafuu zaidi, muuzaji akasema hati "ipo ipo" nyumbani, siku zikapita haikuonekana, nikaliacha. Arizona kuna njia ya kupata hati kwa kuweka dhamana lakini ni mizunguko mingi kwa tela la bei ile.

Ukienda kuliangalia nenda na bisibisi na tochi. Lala chini. Chokoa na bisibisi pale springi zinaposhikwa na chesisi, na kwenye pembe za sakafu ndani ya bodi, maana rangi ya kijani inaficha kutu vizuri sana, inaonekana imara kumbe chini chuma kimekuwa unga. Na hiyo rangi yenyewe tafadhali iheshimuni. Vifaa vya jeshi vya kuanzia miaka ya 1980 vingi vimepigwa rangi inaitwa CARC, ya kuzuia kemikali za vita, vumbi lake ukipiga msasa na moshi wake ukichomelea juu yake ni sumu ya mapafu, na matela ya zamani zaidi yanaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi. Mi nilivaa maski ya chujio, sio ile ya kitambaa, nikafanyia nje, watoto mbali, na kila sehemu ya kuchomelea nilitoa rangi kwanza mpaka chuma kikabaki cheupe.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe, ekseli. Hapa ndo hela yangu nyingi ilienda na ndo sehemu ambayo nisingebadilisha hata kidogo. M416 ya kawaida haina breki za kutembelea, ina breki ya mkono ya kuegesha tu. Tairi zake ni zile nyembamba za 7.00-16, bolti tano, na limefuata upana wa jeep kwahiyo matairi yake hayapiti kwenye njia ya matairi ya Tacoma, yanapita ndani yake. Kwenye mchanga hiyo inakula nguvu sana, gari limeshafungua njia yake, tela linafungua njia nyingine ya kwake. Nikaagiza ekseli ya kubeba pauni 3,500, yaani kama kilo 1,590, ambayo ni saizi ya kawaida kabisa dukani, yenye habu za bolti sita na breki za umeme, nikapima upana ili matairi yalingane na ya gari. Bodi ni nyembamba kuliko ekseli mpya kwahiyo madigadi ya zamani yakatoka, nikachomelea mengine mapana ya bati nene ambayo mtoto akisimama juu hayapindi.

Faida yake ni kwamba sa hivi gari na tela vina tairi moja, 265/70R16, na spea zinaazimana. Ukiwa kilomita 80 kutoka lami ya karibu hiyo sio urembo. Ila kuna kitu kidogo hapo wengi hawakioni: rimu za alumini za Toyota zinazotoka kiwandani zinafungwa kwa nati zenye shingo ndefu na washa bapa, wakati ekseli za tela za huku zinakuja na nati za koni, na nyuzi za bolti nazo ni tofauti na za Toyota. Nati ya koni kwenye rimu ile haikai vizuri, italegea njiani. Suluhisho ni rahisi, tela liwekewe rimu za chuma za Toyota, zile zinakubali koni. Nilizipata mbili mtumba, bei ya chakula cha familia mgahawani.

Springi za zamani nilizikuta nzima nikaziacha, ila nimehamisha ekseli ikakaa chini ya springi badala ya juu, ndo tela likanyanyuka kulingana na gari. Shokomzoba nimeongeza, na kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati tofauti unaihisi mpaka kwenye usukani, nyuma kunatulia.

Breki za umeme jamani msizikwepe. Gari lenye kifurushi cha kuvutia tela kutoka kiwandani linakuwa tayari na plagi ya pini saba nyuma na soketi ya kidhibiti cha breki chini ya dashibodi, unachomeka tu. Ukitoka Flagstaff kwenye mita 2,100 unashuka na haiwei ya I-17 kwenda Camp Verde, ni mteremko wa mita zaidi ya 1,100, malori yananuka breki kila mahali, na tela lenye maji na hema linakusukuma kutoka nyuma. Likiwa na breki zake linajishika lenyewe, mguu wangu unabaki mwepesi, mama watoto anaendelea na usingizi.

Kiungo cha mbele. Tela linakuja na pete kubwa ya chuma ya kuning'inia kwenye ndoano ya kijeshi. Ni kitu imara, hakikatiki, na kinaruhusu tela lijipindue hata likalala ubavu bila kulivuta gari. Nilitembea nalo hivyo kwa muda. Lakini kelele! Chuma kwa chuma, kila ukikanyaga mafuta linagonga, kila ukishika breki linagonga, safari nzima. Nikaweka kiungo cha kisasa kinachozunguka pande zote tatu, kimya kabisa, na uhuru ni uleule. Wakati huohuo nikarefusha mkono wa mbele kama sentimita 45, kwa sababu mbili: mlango wa nyuma wa pikapu ufunguke bila kugonga hema, na kurudi nyuma kuwe rahisi. Tela fupi linageuka haraka mno ukirivasi, kabla hujaangalia kioo limeshajikunja.

Umeme wote wa jeshi ni volti 24, ng'oa. Nimeweka taa za LED za volti 12, waya mpya ndani ya bomba la plastiki. Betri ya lithiamu na paneli ya sola ya wati 100 zinaendesha friji na taa za kambi.

Bodi yenyewe sasa, hapa ndo nasema walioitengeneza walijua wanachofanya. Ni beseni la chuma lisilopitisha maji, liliundwa lielee wakati jeep inavuka mto, na sakafuni kuna vizibo vya kutolea maji. Hivyo vizibo navitumia kila wiki ya kambi: watoto wakimwaga soda, mchanga ukijaa, nafungua, napiga maji ya mpira, yanatoka yote chini, nafunga. Lakini ukivisahau wazi kwenye vumbi, vumbi lote la nyuma ya gari linafyonzwa ndani. Turubai la juu halisaidii, vumbi la Arizona ni laini kama unga na linapita popote. Nimetengeneza kifuniko cha bati la alumini chenye mpira wa mlango kuzunguka, tangu hapo unga wa ugali na mchele vinafika visafi.

Juu ya bodi kuna fremu ya skwea paipu inayobeba hema la kufungua juu. Fremu nimeifanya iwe ya kupanda na kushuka, barabarani hema liko chini upepo usilikamate, kambini nainyanyua. Uzuri wa hema kukaa kwenye tela badala ya kwenye gari ni kwamba mkishapiga kambi unalifungua tela kwenye gari unaliacha, unaenda na gari kutafuta kuni au kuzunguka, kitanda kinabaki kimetandikwa.

Mizani sasa, hapa nawaomba muwe wakali. Jeshi lenyewe lilikadiria M416 libebe pauni 500 tu kwenye njia mbaya, ambazo ni kilo 227. Hema kilo 60, maji lita 75 ni kilo 75, friji ikiwa imejaa 35, betri, jiko na mtungi wa gesi, fremu na kifuniko, umeshamaliza kabla hujaweka nguo. Ekseli imara haifanyi chesisi ya zamani kuwa imara, kwahiyo nimeongeza vyuma vya kukaza pale mkono wa mbele unapoingia kwenye chesisi, na bado kila nikifika mzani wa malori napitisha tela peke yake. Likijaa linakuwa karibu kilo 550 jumla, na uzito unaolalia kiungo cha mbele nauweka kati ya asilimia 10 na 15 ya jumla hiyo, ukipungua hapo mkia unaanza kucheza kwenye mwendo wa haiwei.

Njiani likoje? Barabara za msitu za Mogollon Rim, ile FR 300, ni raha tupu, unatafuta kona yako chini ya misonobari na hakuna wa kukulipisha. Barabara ya udongo ya House Rock Valley Road ikiwa kavu safi, ikinyesha udongo ule unakuwa utelezi usiopitika na tela linafanya hali iwe mbaya zaidi, subiri ikauke. Na kuna sehemu ambazo tela linakufungia mlango kabisa: Tuweep, upande wa kaskazini wa Grand Canyon, gari na tela kwa pamoja visizidi futi 22, na Tacoma peke yake ina zaidi ya 17. Mwenye ndoto ya kupiga kambi pale aweke hema juu ya gari. Mchanga mzito wa kwenda White Pocket nao nasema acha tela kambini, 4x4 tu inatoka jasho bila mzigo wa kuvuta.

Ulaji wa mafuta unapanda, hilo asikudanganye mtu, na zaidi ya tela lenyewe ni fremu na hema vinavyoshika upepo. Nikienda maili 60 kwa saa inavumilika.

Matunzo ni madogo ila hayasamehe. Kila nikisimama naweka kiganja kwenye habu. Vuguvugu sawa, ikiwa ya moto upande mmoja kuliko mwingine basi beringi inaomba grisi au breki imeng'ang'ania. Tena nabeba beringi za spea zimeshapakwa grisi, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na sili yake na pini.

Gharama: tela lenyewe lilikuwa chini ya dola 1,000, vilivyofuata viliizidi hiyo mara kadhaa bila kuhesabu hema, na kuchomelea nilifanya mwenyewe. Kwa pesa hiyohiyo unaweza kupata tela jipya la kambi la kawaida, ila lile la kawaida nililowahi kukodi lilianza kuachia riveti kwenye njia ya mawe, hili halijaachia kitu.

Shemeji yangu yuko Arusha kaniuliza kama aagize M416 kutoka huku avute na Hilux. Nimemwambia asisafirishe chuma baharini wakati mafundi wa kuchomelea wamejaa pale, achore beseni la namna hii wamtengenezee, chenye maana ni ekseli ya bolti sita inayokubali rimu za Hilux, upana uleule wa matairi, breki, na vizibo sakafuni. Prado nayo bolti zake ni sita mpangilio huohuo, kwahiyo mwenye Prado vipimo vya matairi apime kwenye gari lake, katikati ya tairi hadi katikati ya tairi, kabla fundi hajakata chuma.