Huduma ya parokia kwa manusura wa ukatili wa nyumbani: mlango mzuri, kufuli bovu

Huduma hii haiuzwi, lakini inastahili kukaguliwa kwa jicho kali kuliko bidhaa ya dukani, maana ikiharibika anayeumia ni mtu aliyekwisha kuumizwa. Parokia za Kikatoliki zilizoianzisha huifanya kwa muundo unaofanana: mabango vyooni, mahubiri mara moja au mbili kwa mwaka, wasikilizaji wachache waliofunzwa, na orodha ya pa kumpeleka mtu, yaani nyumba salama, hospitali, polisi na wanasheria. Parokia yenyewe si nyumba salama, na isijifanye. Kazi yake ni kumfikisha mtu huko bila anayemtesa kujua.

Kwa kazi hiyo ina faida ambayo ofisi nyingine hazina. Mume anayekagua simu ya mkewe, anayehesabu nauli na kumkataza marafiki, mara nyingi bado humwacha aende kanisani. Kwenda Misa hakuhitaji kisingizio. Shida ni kwamba naye anasali hapo hapo, pengine ndiye msoma somo la pili. Kwa hiyo kila kipande cha huduma tunakipima kwa swali moja: mwenye kupiga akiwa amekaa benchi la tatu, hiki bado ni salama?

Mabango yanafaulu vizuri kuliko vyote, na ndiyo kazi rahisi. Karatasi nusu ya A4, ndani ya mlango wa kila choo, si ukutani kwenye masinki ambako mtu huonekana akisoma. Chini yake vipande kumi au kumi na viwili vya kuchana, kila kimoja kikiwa na namba ya simu tu: hakuna neno "ukatili", hakuna jina la parokia, ili kikikutwa mfukoni kiwe namba kama namba nyingine. Anayebandika achane viwili mwenyewe kabla ya kuondoka, kwa sababu watu huogopa kuwa wa kwanza. Vyoo vya wanaume navyo vibandikwe. Wapo wanaume wanaopigwa, na wapo wazee wanaoteswa na watoto waliowazaa.

Kinachoharibu mabango ni namba yenyewe. Parokia nyingi huandika namba ya ofisi, ambayo hupokelewa na katibu anayejua ndoa zote za jirani. Iandikwe namba ya msikilizaji au ya simu ya msaada ya taifa, pamoja na saa inapopokelewa. Aliyekusanya ujasiri mwezi mzima kisha simu ikaita bila kupokelewa huenda asipige tena. Msikilizaji naye asirudishe simu wala kutuma ujumbe mpaka aambiwe saa iliyo salama.

Mahubiri yana nguvu kubwa na makosa mengi. Nafasi zipo ndani ya kalenda ya liturujia yenyewe. Dominika ya 21 ya Mwaka B, ambayo mara ijayo ni tarehe 22 Agosti 2027, husomwa Waefeso 5, na Sikukuu ya Familia Takatifu ina Wakolosai 3. Padri akianzia aya ya 22, "Enyi wake", akairuka ya 21 inayowataka wote wawili wanyenyekeane, amempa mpigaji fimbo ya Maandiko. Aisome ya 21, kisha ataje mambo kwa majina yake: kupiga, kukaba, kumlazimisha mwenzi tendo la ndoa, kumnyima fedha, kumfungia ndani. Dakika tano zinatosha. Asiombe mtu yeyote anyanyue mkono.

Tunaipunguzia alama parokia ambayo padri wake anasema ukatili ni dhambi, kisha ananyamaza kuhusu kuondoka. Kimya hicho waumini hukitafsiri kuwa "rudi". Sheria ya Kanisa imesema wazi: kanuni ya 1153 inampa mwenzi haki ya kuondoka pale mwenzake anapomtia yeye au watoto katika hatari kubwa ya mwili au ya nafsi, tena kwa uamuzi wake mwenyewe iwapo kuchelewa kuna hatari. Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia, wosia wake wa mwaka 2016 kuhusu upendo katika familia, namba 241, aliandika kwamba kutengana wakati mwingine ni wajibu wa kimaadili. Katekisimu, namba 2383, inavumilia talaka ya serikali ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani za kisheria, malezi ya watoto au urithi. Na aliyetengana bila kuingia ndoa nyingine hazuiliwi Komunyo kwa sababu ya kutengana. Sentensi hizi nne zikisomwa mimbarani, zinaondoa mzigo ambao vipeperushi mia haviuondoi.

Kuhusu Mtakatifu Rita wa Cascia, mke anayekumbukwa kwa kumvumilia mume mkatili: hutajwa karibu kila mara, na karibu kila mara uvumilivu wake hugeuzwa kuwa ushauri. Anayesikiliza akiwa na jino lililong'olewa kwa ngumi hasikii habari za utakatifu, anasikia amri.

Baada ya Misa, meza mlangoni yenye maandishi makubwa ni kosa, hakuna atakayeisogelea. Wasikilizaji wakae katika chumba ambacho watu huingia kwa sababu nyingine pia: ofisi ya vyeti, maktaba, stoo ya nguo za msaada. Wawe angalau wawili kwa zamu, wasiwe na undugu na familia husika, wala wasiwe mke na mume. Msikilizaji aanze kwa kueleza mipaka ya siri kabla hajaambiwa lolote, kwa kuwa nchi nyingi zina sheria ya kutoa taarifa mtoto akiwa hatarini. Kisha aulize polepole: amewahi kukukaba shingo? Ametishia kukuua, kuua watoto au kujiua? Ana silaha? Anajua kwamba unataka kuondoka? "Ndiyo" moja tu inatosha kuwaita wataalamu siku hiyo hiyo. Aliyekabwa apelekwe hospitali hata kama shingo haina alama, maana madhara ya ndani huweza kujitokeza baada ya saa au siku.

"Ondoka leo" ni ushauri mbaya sawa na "vumilia". Kipindi cha kuondoka na majuma yanayofuata ndicho chenye hatari kubwa zaidi ya kuuawa. Kinachohitajika ni mpango: vitambulisho, vyeti vya watoto, dawa, ufunguo wa akiba, fedha taslimu na namba muhimu zilizoandikwa kwenye karatasi, vyote vikihifadhiwa nje ya nyumba. Hapa parokia ina kitu ambacho shirika lingine halina, yaani vitabu vyake vya sakramenti. Inaweza kumpa nakala mpya za vyeti vya ubatizo na ndoa, asilazimike kupekua droo ya mumewe. Ila anwani yake mpya isiandikwe popote ofisini, kwa kuwa mume naye ana haki ya kuja kuomba cheti chake.

Kitubio kina kanuni zake. Siri ya maungamo haivunjwi (kanuni ya 983), kwa hiyo kilichosemwa humo hakiwezi kupelekwa kwa msikilizaji hata kwa nia njema. Muungamishaji amwambie aliyepigwa kwamba kupigwa si dhambi yake, na amwalike aseme tena nje ya kitubio akipenda. Malipizi ya "nenda ukapatane na mumeo" yasitolewe kamwe. Kwa mpigaji anayeungama, nia ya kweli ya kuacha ni sharti la toba.

Usuluhishi wa pamoja ndiyo sehemu mbovu kuliko zote, na hatuipi alama yoyote. Kuwaketisha wawili mbele ya paroko au wazee wa jumuiya kunamlazimisha aliyepigwa achague: aseme uongo mle ndani, au aseme kweli na alipwe kipigo usiku. Programu za kuwabadilisha wapigaji zipo, huchukua miezi mingi, huendeshwa na waliosomea, na mwenzi hakalishwi humo.

Yapo mengine yanayovuja bila mtu kukusudia. Jina likitajwa katika maombi ya waamini, habari imefika. Kamera inayorusha Misa mtandaoni huonyesha amekaa wapi na amehamia parokia gani. Ielekezwe altareni tu. Katekesi ya watoto ina saa inayojulikana, kwa hiyo katekista awe na orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Mpigaji mwenye cheo parokiani asimamishwe utumishi, na kama mmoja lazima abadili Misa, abadili yeye.

Ombi la kutangaza ndoa kuwa batili lisiharakishwe. Mahakama ya Kanisa humjulisha upande wa pili, na upande huo huwa na haki ya kusoma ushahidi. Mwombaji aombe mapema kwa maandishi anwani yake ifichwe. Kanuni ya 1598 inamruhusu hakimu kuzuia waraka fulani usionyeshwe mtu yeyote panapo hatari kubwa sana, lakini hakimu hawezi kuijua hatari ambayo hakuna aliyemwandikia.