Mwanangu alisomwa paredi kwa deni ambalo halikuwepo

Shule sitaitaja. Ni sekondari ya Kanisa Katoliki, ya bweni, mchanganyiko.

Muhula uliopita binti yangu wa kidato cha tatu alitolewa kwenye chumba cha mtihani kwa sababu ya ada, na stakabadhi ya benki ninayo mimi. Asubuhi yake walikuwa wamemsoma paredi kwenye orodha ya wadaiwa, mbele ya wavulana na wasichana wote. Mdogo wake wa kidato cha kwanza alikuwa pale pale, anasikia jina la dada yake linavyotajwa. Huyo mdogo ndiye aliyelia zaidi.

Nikapanda basi nikaenda. Dirisha la uhasibu lina wavu, na chini kuna tundu la kupitishia karatasi. Nikasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Kimya. Shule ya Kanisa, salamu ya Kanisa, na haijibiwi! Nikapitisha stakabadhi. Mhasibu akaitazama kidogo, akairudisha kwa ncha ya kidole: "Kwenye mfumo haisomi." Nikamwonyesha muhuri wa benki. Wala hakuinua uso: "Mama, kama ada inakushinda, za serikali zipo, bure."

Najua zipo. Tangu 2016 hapa Tanzania sekondari za serikali hazina ada hadi kidato cha nne, na watoto wa ndugu zangu wanasoma huko. Mimi niliipenda hii kwa sababu shule nyingi za Katoliki ni ama seminari za wavulana, ama za masista za wasichana tupu, na mimi nilitaka wanangu wawe pamoja. Na kufundisha, jamani, wanafundisha. Binti aliyekuwa akiogopa Fizikia leo anasimama ubaoni kuwaelekeza wavulana sakiti za umeme. Prepo ya usiku mwalimu haondoki mpaka kengele ilie. Matroni alikesha naye siku ile ya paredi, akampikia na uji. Kwa hao ningesema mpelekeni mtoto bila kusita.

Lakini lile dirisha halinitoki moyoni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, kwenye tamko la elimu la 1965, ulisema wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Maneno hayo tunasomewa kwenye mkutano wa wazazi kila michango inapotakiwa. Sasa huyo mlezi wa kwanza akifika dirishani hastahili hata kuitikiwa salamu yake, "Milele, amina"?

Baadaye fedha zikaonekana. Zilikuwa zimeingia siku nyingi, zikaandikwa kwa mtoto mwingine mwenye jina linalofanana na la wangu. Pole sikupewa. Mtihani wa Kemia ulishapita, na ripoti iliyokuja nyumbani inasema hakuwepo. Hakuwepo vipi? Alikuwa nje ya mlango, kalamu mkononi!

Kwa hiyo msiwapeleke. Au wapelekeni, kwa ajili ya wale walimu, ila kila karatasi ya benki itoleeni nakala. Wangu wa kidato cha tatu simhamishi, mwakani ana mtihani wa taifa. Padre mkuu wa shule nimemwandikia: Kemia aifanye, ripoti irekebishwe, na jina lake lisafishwe paredi, mbele ya wale wale waliolisikia.