Nyumba ya Wageni Milimani, Nakuru: Kwa Anayetaka Kuujua Mji Kabla ya Kuhamia

Kwa yeyote anayefikiria kuhamia Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021, nyumba hii inafaa sana, hasa kwa kuwa ina jiko ambamo mgeni hujipikia, na hivyo hulazimika kwenda sokoni na kuzijua bei halisi. Vyumba ni safi. Kilichonipendeza zaidi ni mwenyeji wetu, mama mkarimu aliyenieleza waziwazi kwamba maji ya visima vingi vya huku yana floraidi nyingi, ambayo huyatia meno ya watoto madoa ya kahawia, akanisihi niulize chanzo cha maji kabla ya kulipa kodi ya nyumba popote, iwe mtaa wa Lanet au wa Section 58. Kwa mzazi, ushauri huo una thamani kubwa. Usiku kuna baridi. Blanketi la pili liombwe mapema.