TAHADHARI BODABODA WA TEGETA, BOKO NA BUNJU: STIKA ZA BIMA ZA 35,000 NI FEKI, NIMEPIGWA

Nimekaa siku nne bila kuandika kwa sababu ya aibu. Leo naandika. Nisemeni, nichekeni, ila kabla hujacheka toa simu uangalie kama pikipiki yako ina bima kweli, maana huenda tuko wengi na mwenzangu hujijui.

Mnaojua habari ya yule mama wa mchicha na ile Ijumaa, sirudii. Wengine shikeni hivi tu: Ijumaa hiyo nimemgonga huyo mama kwa pikipiki, mguu wake umevunjika, na ile bima niliyokuwa natembea nayo kifuani kama hirizi ni karatasi ya kufungia karanga.

Sasa nianze na yule fisi aliyetuuzia stika.

Alikuja kijiweni Jumatatu, saa moja na nusu hivi asubuhi, watoto wa shule wameshapita, wa kazini ndio tunawagombania. Shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kitambulisho shingoni, begi la kompyuta, na kamashine ka kutolea risiti kama kale ka watu wa maegesho. Hakuanza na bima. Alianza na vitumbua. Alinunulia kijiwe kizima, watu kumi na moja, na chai juu. Mtu anayekulisha kitumbua kabla hujapata abiria wa kwanza, utamshuku kwa lipi?

Akauliza, "Wakuu, mwenye bima hapa nani?" Kimya. Yangu ilishaisha tangu mwezi wa tatu. Mmoja wetu (anajijua) akadakia kwamba bima ni ya magari, pikipiki hailazimishwi. Hapo ndipo alipotushika, kwa sababu alichojibu ni ukweli mtupu. Akasema Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, haihesabu matairi. Kinachotembea barabarani kwa injini lazima kiwe na angalau bima ndogo, na si dereva peke yake, hata bosi anayemkabidhi kijana pikipiki isiyo na bima naye yumo kwenye kosa. Akasema bima ndogo haitengenezi pikipiki yako wala haikutibu wewe dereva, inamlipa uliyemuumiza. Nimekwenda kuuliza baadaye, yote hayo ni kweli. Huyu mtu ameisoma sheria kuliko sisi tunaotakiwa kuifuata, halafu akaifanya chambo.

Mimi nikajifanya nampima. Mimi ndiye mweka hazina wa kikundi chetu cha kijiweni, nina cheti cha kidato cha nne, mwaka jana nilikata bima halali kwa 59,000, basi nikajiona mjuzi. Nikamuuliza, mbona wewe 35,000? Hakubabaika hata kidogo. Akasema ile 59,000 ni 50,000 ya bima pamoja na VAT ya 18%, na kikundi kinachokata kwa pamoja kinasamehewa VAT, halafu kampuni inaweka punguzo lake. Nikapiga hesabu kichwani, 18% ya 50,000. Ikatoka 9,000. Kweli! Nikatikisa kichwa mbele ya watu kama mkaguzi wa mahesabu. Yaani nilihakiki kujumlisha na kutoa, sikuuliza nani kasema VAT inasamehewa kijiweni juu ya vitumbua.

Nikawa wa kwanza kutoa hela. Nikawaambia wenzangu, "Huyu yuko sawa, nimemhoji." Kwenye simu likatokea jina la mpokeaji, la mwanamke. Nikasita, namba ya siri imebaki tarakimu moja. Akaniwahi, "Huyo mhasibu wetu mkuu, wewe malizia tu." Nikamalizia. Tangu Ijumaa naiota ile tarakimu. Kamashine kakalia, stika ikatoka ya moto: namba yangu ya MC (ya usajili wa pikipiki), jina langu bila kosa, tarehe ya kuisha, hadi ule mraba wa kuskani. Wenzangu saba wakafuata. Mmoja hakuwa na kitu, nikamkopesha kutoka kwenye mfuko wa kikundi. Ndiyo, mfuko wa kikundi. Nitarudisha, acheni kunipigia simu.

Jioni ukaingia ujumbe, "Bima yako imesajiliwa, endesha kwa usalama." Nikaupiga picha nikaweka status.

Wiki tano nimetembea kifua mbele. Trafiki akinisimamisha kwa kosa jingine nalipa faini yangu ya 10,000 (enzi za 30,000 kwa bodaboda ziliisha 2021, tushukuru), lakini akitaja bima naichomoa stika kama mwenye nyumba anayetoa hati. Mmoja aliitazama mbele na nyuma akanirudishia. Nikasema basi, kama trafiki kapitisha, mimi nani?

Ijumaa ile, hata baada ya kumwona mama chini, kuna sehemu ya moyo wangu ilikuwa imetulia. Tukaenda kituoni, akaandikiwa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, pikipiki ikabaki pale kusubiri ukaguzi. Mwanawe akaja anatetemeka kwa hasira, nikamshika bega nikamwambia, "Kaka, usiwaze, nina bima." Nilimshika bega kabisa.

Jumatatu nikaingia ofisi ya kampuni iliyoandikwa kwenye stika. Wao hawana kosa, jina lao limeibiwa tu. Dada wa mapokezi akaandika namba ya pikipiki. Akaifuta, akaandika tena. Akanigeuzia kioo cha kompyuta nisome mwenyewe: bima ya mwisho ni ile ya mwaka jana, imeisha. Akaingiza namba ya stika. Ikatoka gari, Noah. Noah ya mtu, matumizi binafsi. Jamaa aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

Mpaka jana nimeshalipa laki nne na nusu hospitali na mama hajatoka. Pikipiki imelala kituoni, hesabu ya kila siku ya bosi mwenye pikipiki inaendelea kusoma. Na huyo mwanaharamu sasa hivi anakunywa soda mahali. Akipatikana asipewe dhamana! Wapo waliosema tairi. Mimi sitaki tairi, namtaka mzima, akae kwenye benchi la wodi pembeni ya yule mama, alipe dawa moja moja kwa mkono wake, halafu ndiyo aende gereza la Segerea akae huko mpaka shati lake lipauke. Na wanaomchapia hizo karatasi nao wabebwe, maana jina langu na namba ya MC viliingia kwenye mfumo gani kama si wa kwao?

Mlioniuliza dalili za bima feki: hela inakwenda kwenye namba ya mtu binafsi, hata lipa namba ya ofisi hana. Ule ujumbe ulitoka kwenye namba ya kawaida kama ya shemeji yako. Hakuomba kuona kadi ya pikipiki. Kitambulisho tulikiona, hakuna aliyekisoma. Halafu dada wa pale ofisini alinionesha kwamba bima siku hizi iko kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, karatasi si kitu. Unafungua TIRA MIS kwenye simu, unaandika namba ya usajili, inakuletea kampuni gani na inaisha lini. Bure, haichukui hata dakika. Angalieni pia imeandikwa biashara au binafsi, kwa sababu ukibeba abiria na bima ya binafsi unawapa kampuni sababu ya kukukataa.

Mwembamba, anaita kila mtu "mkuu", ana pete mbili mkono wa kushoto. RB ninayo, namba ya kesi niliyoripoti polisi, na picha ya muamala nimewapa polisi. Wale saba, twendeni pamoja kesho saa nne mkaandikishe maelezo, mmoja mmoja hatusikilizwi.

Na wewe uliyeandika kwenye grupu "mweka hazina wetu msomi", nimeiona.