Ukibakiwa na Laki Moja kwa Mwezi: Pa Kuiweka Kwanza, na Pa Kuiweka Mwisho

Watu wengi wakitaka kuweka pesa mahali huanza na swali moja: "Inalipa asilimia ngapi?" Mimi hilo naliweka la pili. La kwanza ni hili: nikiitaka pesa yangu Jumanne, nitaipata lini, na nitakatwa kiasi gani? Hapa kwetu pesa ya ziada haikai imetulia. Ada ya Januari inaikuta, mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, simu ya msiba inaingia kutoka kijijini saa tisa usiku. Kitu kinacholipa vizuri lakini hakitoki kirahisi kitakulazimisha ukope, na mkopo wa haraka ndio ghali kuliko yote.

Kwa hiyo katika kila kitu humu naangalia kwanza urahisi wa kutoka, kisha usalama, faida ikifuata; mpangilio wa mwisho ni uamuzi wangu baada ya kupima yote matatu. Imeandikwa kwa mtu wa Tanzania anayebakiwa na elfu hamsini hadi laki tatu kwa mwezi, mwenye mshahara au biashara ndogo. Kama una mkopo wa kausha damu, anza na huo. Hakuna kitu humu kitakachokulipa kwa mwaka mzima kile ambacho mkopeshaji wa namna hiyo anaweza kukutoza kwa mwezi mmoja au miwili.

1. Vipande vya mfuko wa Ukwasi

UTT AMIS ni kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja; sehemu unayonunua kwenye mfuko inaitwa kipande. Mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulianza mwaka 2005. Baadaye ikaja mingine, Wekeza Maisha, Watoto, Jikimu, kisha Ukwasi mwaka 2013 na Hatifungani mwaka 2019. Kwa anayeanza, nachagua Ukwasi bila kusita.

Unaanza na laki moja, halafu unaongeza kuanzia elfu kumi. Unaponunua hukatwi ada ya kuingia, na ukiuza hukatwi ya kutoka. Ukiomba kuuza vipande, pesa huingia kwenye akaunti yako ndani ya siku tatu za kazi. Hizo siku tatu wengine wanazilalamikia. Mimi naziona ndio uzuri wake: ni chache vya kutosha kumlipia mtoto ada, na ni nyingi vya kutosha kukupitishia ile hamu ya simu mpya uliyoiona Kariakoo mchana.

Nyuma yake kuna nini? Mfuko unakusanya pesa za maelfu ya watu na kuzipeleka kwenye amana za benki na dhamana za serikali, ambako mtu mwenye laki moja peke yake hasikilizwi. Faida hailetwi mkononi, inaingia kwenye bei ya kipande inayotangazwa kila siku ya kazi. Kwa miaka ya karibuni Ukwasi umekuwa ukipanda kwa takriban asilimia 12 kwa mwaka, huku mfumuko wa bei nchini ukizunguka asilimia 3. Laki moja kila mwezi kwa miaka mitano ni milioni 6 zilizotoka mfukoni mwako. Kwa kasi hiyo zingekuwa kama milioni 8. Lakini hiyo kasi hujaahidiwa na mtu. Riba za serikali zikishuka, mfuko nao unashuka mwendo.

Uchanganye usiuchanganye na mingine ya UTT? Umoja una hisa za kampuni ndani yake, kwa hiyo bei yake hupanda na kuteremka zaidi. Ni wa pesa ya miaka mitano kwenda mbele. Mfuko wa Hatifungani unamfaa anayetaka kulipwa gawio, yaani sehemu yake ya faida, kila baada ya muda, ila huo mpango unadai kianzio cha mamilioni. Siku hizi UTT si peke yake sokoni: Watumishi Housing wana Faida Fund, na kuna kampuni binafsi pia. Ushindani ni mzuri, ila kabla hujatuma shilingi hakikisha mfuko una leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kibao cha ofisi chenye kung'aa si leseni.

2. Kikoba, kama ni kikoba kweli

Nakiweka cha pili, na najua wahasibu watanicheka. Kikoba kinachoendeshwa vizuri kinampa mtu kitu ambacho benki haimpi: mkopo bila hati ya nyumba, na macho ya watu ishirini yanayomsubiri Jumamosi alete hisa yake, yaani mchango wake. Kuna watu ambao wasingeweka akiba maishani bila aibu hiyo.

Ukialikwa kujiunga, usiulize mwaka jana waligawana shilingi ngapi. Nenda ukae mkutano mmoja pembeni, uangalie. Je, sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, hakuna hata mmoja ambaye ni mweka hazina mwenyewe? Pesa zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, au mtu mmoja anaandika tu kichwa kikiwa chini? Hisa zikinunuliwa, mihuri inagongwa kwenye kitabu cha kila mwanachama hapo hapo? Salio la mkutano uliopita linatajwa kabla sanduku halijafunguliwa, na linalingana na kilichomo? Aliyechelewa analipa faini hata kama ni mwenyekiti? Hili la mwisho linaniambia mengi kuliko katiba ya kurasa kumi.

Kisha uliza mikopo. Mtego wa vikoba unakuja karibu na Desemba, wakati wa kugawana, pale kunapogundulika kwamba kwenye karatasi kuna milioni 18 lakini sanduku lina tano, nyingine ziko kwa wanachama wanaosema "nitalipa mwezi wa kwanza." Kikundi makini kinasimamisha mikopo mipya wiki kadhaa kabla ya kuvunja mzunguko. Kisichofanya hivyo, kaa nacho mbali. Tena tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi vinatakiwa kusajiliwa. Kilichosajiliwa unaweza kukifikisha mbele ya mtu pesa zikipotea.

Kikwazo chake ni kutoka. Katikati ya mzunguko hutoki na hisa zako, unakopa tu. Na faida mnayogawana inatoka kwenye riba mliyolipana wenyewe, kwa hiyo asiyekopa hufaidika na jasho la anayekopa. Ukiliona hilo linakusumbua, una haki. Upatu, yaani mchezo, hausumbui hivyo kwa kuwa hauzai kitu: unapokea kile kile ulichotoa. Ni njia nzuri ya kununua friji, si ya kukuza pesa.

3. Hatifungani za serikali

Hatifungani ni karatasi ya kuikopesha serikali kwa riba. Ukishafikisha milioni moja ambayo huitaki kwa muda mrefu, hapa ndipo pake. Benki Kuu hufanya minada ya hatifungani za miaka 2 hadi 25, na kima cha chini ni milioni 1. Unapitia benki yako au dalali wa hisa, unafunguliwa akaunti ya dhamana, unaweka zabuni. Riba inalipwa mara mbili kwa mwaka bila kuiomba.

Wakati wa kununua una uzito kuliko watu wanavyodhani. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanzishwa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Aliyeweka milioni 10 analipwa 797,500 kila baada ya miezi sita, mpaka mwisho, hata serikali ibadilishe nini. Mwaka uliofuata riba ya hatifungani mpya za muda huo huo iliteremshwa hadi 12.56. Jirani aliyechelewa kidogo akapata 628,000 kwa pesa ile ile. Na kwa miaka mingi riba ya hatifungani ndefu imekuwa haikatwi kodi ya zuio (ile inayokatwa kabla hujalipwa), wakati ya benki hukatwa asilimia 10. Thibitisha na dalali siku unayonunua.

Kutoka kabla ya muda kunawezekana: unaiuza soko la hisa. Ila utauza kwa bei ya siku hiyo. Riba mpya zikiwa juu kuliko yako, mnunuzi atataka punguzo. Ndiyo maana sipendi kumwona mtu akiweka ada ya mwakani kwenye karatasi ya miaka 20.

4. Hisa

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998 na kampuni moja tu, TOL, ya gesi za viwandani. Mifano miwili inatosha kukuonyesha sura zake zote. NMB iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600 kwa hisa. Gawio la mwaka 2024 peke yake lilikuwa shilingi 428 na ushee kwa kila hisa. Vodacom Tanzania iliuzwa mwaka 2017 kwa shilingi 850, kukiwa na matangazo kila kona, na waliokimbilia wakaiona bei ikikaa chini ya hapo kwa miaka.

Kununua ni rahisi siku hizi, hata kwa simu. Kuuza ndiko kugumu: benki kubwa hupata wanunuzi, lakini kuna kampuni ambazo wiki inapita bila mtu kuzigusa. Nunua chache za kampuni zinazouzwa kila siku, pokea gawio (linakatwa kodi asilimia 5), na usahau bei kwa miaka.

5. Akaunti ya muda maalumu

Unaifungia benki pesa kwa muda mliokubaliana, nayo inakulipa riba. Salama, rahisi kuielewa, na haichangamshi. Ukiwa na pesa ndogo riba unayopewa ni ile ya ubaoni. Wenye mamia ya milioni ndio wanaokaa na meneja kujadiliana. Ukivunja mapema unapoteza riba. Kizuri chake ni Bima ya Amana: benki ikifilisika, tangu mwaka 2023 mteja analindwa hadi shilingi milioni 7.5, kutoka milioni 1.5 ya zamani. Kama una zaidi ya hapo, gawanya kwenye benki mbili.

Anayekwepa riba kwa sababu ya dini asilazimishwe kuchagua kati ya riba na kibubu. Amana Bank ipo tangu 2011, na zipo benki za kawaida zenye madirisha, yaani huduma za pembeni, yanayofuata sharia ya Kiislamu.

6. Kiwanja

Hapa ndipo nitakapogombana na wasomaji. "Ardhi haiozi," najua. Haiozi, lakini pia haiuziki kwa haraka. Mwenye kiwanja Chanika akipata mgonjwa Muhimbili, ana mawili: akope, au auze kwa bei atakayoitaja dalali aliyekwisha kusikia kwamba ana shida.

Kiwanja ni kitu kizuri cha kununua ukitaka kujenga. Kama akiba ya anayebakiwa na laki moja, kinakuja baada ya vyote vilivyotangulia. Na ukinunua, jua unanunua nini. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Wewe unapata haki ya kumiliki kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa inaonyesha kwamba fulani alimuuzia fulani mbele ya mashahidi. Haionyeshi kwamba fulani alikuwa na cha kuuza. Kwa kiwanja kilichopimwa, chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ulipie upekuzi, uone jina la mmiliki na kama kuna rehani. Tembelea mwenyewe, tafuta bikoni (alama za mipaka), zungumza na majirani wa pande zote mwenye kuuza akiwa hayupo. Jirani atakuambia kama kuna mjane mwenye kesi, au kama kila masika pale panageuka bwawa. Dalali hakuambii hayo mvua isiponyesha mbele yenu.

7. Kwenye simu na kibubu

Pesa ya kwenye simu hutoka kirahisi mno, kwa kubonyeza mara nne, na kila kutoka kuna ada. Iwe ya matumizi ya wiki. Kibubu kwa mtoto ni shule nzuri. Kwa mtu mzima, mfumuko wa bei na mwizi wanakigawana.

Nje ya orodha: kupanda mbegu

DECI, mpango wa kuchangisha watu pesa kwa ahadi ya faida kubwa, ilivunjwa mwaka 2009 baada ya watu wengi "kupanda mbegu" wakingoja kuvuna mara mbili na zaidi. Viongozi wake walitiwa hatiani mahakamani mwaka 2013. Jina hubadilika, sasa zinakuja kama programu za simu na makundi ya WhatsApp, lakini dalili ni zile zile: faida inatajwa kwa siku au wiki, unalipwa kwa kuleta watu, na ukiuliza biashara gani inazalisha hizo pesa unaambiwa huna imani. Ukilipwa mara ya kwanza haimaanishi ni halali. Malipo hayo ya kwanza ndiyo chambo.

Kabla hujajaza fomu yoyote

Andaa kitambulisho cha NIDA, akaunti ya benki yenye jina lile lile herufi kwa herufi (Mohamed na Mohammed zimeshawazungusha watu miezi), na usiruke sehemu ya mnufaika. Kuandika jina la mke, mume au mtoto hakuondoi safari ya mirathi: kikao cha ukoo, muhtasari, cheti cha kifo, mahakama ya mwanzo, msimamizi. Kinachofanya ni kuwajulisha kwamba kuna kitu cha kufuatilia. Kwa kikoba, hakikisha jina hilo lipo kwenye daftari la katibu pia, kwa kalamu ya wino, na mwenyewe uwe umeliona.