Carcassonne mezani kwetu Lubumbashi: vigae vinapendeza, ngome zimezidi

Sanduku lilifika Desemba katika mzigo wa mdogo wangu aliyetoka Ubelgiji, akiwa amelifunga katikati ya suruali mbili ili pembe zisipondeke. Carcassonne, toleo la Kifaransa. Alilinunua kwa euro 30 na kidogo. Tangu siku hiyo tumeucheza mchezo huu hapa nyumbani Katuba zaidi ya mara 40. Najua hesabu kwa sababu binti yangu wa kwanza anaandika matokeo yote kwenye daftari la shule lililobakiwa na kurasa, pamoja na jina la aliyeshinda na la aliyenuna.

Kwa asiyeujua, ndani mna vigae 72 vya karatasi ngumu, mraba kamili, kila kimoja kimechorwa kipande cha nchi: barabara, ukuta wa mji, majani, nyumba ya watawa. Zamu ikikufikia unachukua kimoja bila kuchagua na kukiunga na vilivyoko mezani, barabara ikutane na barabara, ukuta na ukuta. Ukipenda unasimamisha juu yake mtu wako mdogo wa mbao. Barabara ikifungwa inakupa pointi 1 kwa kila kigae, mji unakupa 2 na nyingine 2 kwa kila ngao iliyochorwa ndani, na nyumba ya watawa iliyozungukwa pande zote inakupa 9. Kazi ikiisha, mtu wako anarudi mkononi. Unao 7 tu wa kuwatuma, na utamu wote uko hapo. Ukiwa na tamaa ya mji mkubwa, watu wako wanakwama huko huku wenzako wanaokota pointi ndogondogo za barabara mbele ya macho yako.

Kwetu wale watu wa mbao wanaitwa "batu" tu. "Batu yangu imekwisha!" ndiyo sauti inayosikika zaidi wakati wa kucheza.

Jambo la kwanza nililolipenda ni kwamba kigae hakina neno hata moja. Mama mkwe wangu hasomi Kifaransa, na alicheza mchezo mzima siku ya kwanza bila kumwuliza mtu kilichoandikwa, kwa sababu hakuna kilichoandikwa. La pili ni kwamba hauhitaji umeme. Sisi umeme ukikatika jioni tunawasha taa ya sola, tunaiweka pembeni mwa meza, na kivuli cha wale batu kinakuwa kirefu hadi kwenye sahani za bukari, yaani ugali, ambazo bado hazijaondolewa. Dakika 45 zinapita, wakati mwingine saa nzima tukiwa watano. Nimewahi kununua michezo ya simu kwa ajili ya watoto, na hakuna uliowahi kutukalisha pamoja hivi, babu na mjukuu bega kwa bega.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Baba yangu alifanya kazi kwenye reli miaka 31. Ni mtu wa dame, yaani drafti, ile ya vifuniko vya chupa, na huwa hapendi kufundishwa mchezo na watoto. Lakini Jumapili moja ya Februari mvua ilimzuia kwetu, akakaa. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka 11, akaanza kumweleza kwa heshima zote: kambo (ndivyo tunavyomwita babu), huyu akisimama mjini ni askari wa farasi, akiwa kwenye nyumba ya watawa ni mtawa, akiwa barabarani ni mnyang'anyi. Ndivyo kitabu cha maelekezo kinavyowaita. Baba akamchukua yule mtu wa mbao kwa vidole viwili, akamweka karibu na taa, akamgeuzageuza.

"Juu ya nini huyu wa mu njia eko mwizi?" akauliza. "Mie nilitumika mu njia miaka 31. Mu njia kuko mama wa kuuzisha, kuko mwenye kutengeneza njia, kuko batu ya kusafiri. Mwizi ni mumoja tu."

Mtoto hakuwa na jibu, na mimi pia sikuwa nalo. Kuanzia siku hiyo, kwetu mtu wa barabarani ni msafiri. Baba hakuishia hapo. Barabara zenyewe aliziita reli. Nyumba ya watawa ikawa misioni. Sanduku letu lina pia vigae 12 vya mto, vinavyoanzia kwenye chemchemi na kuishia ziwani. Mto huo akaupa jina la Kafubu, na watoto hawajauita vinginevyo tena. Mji ulipofungwa alisema, "Kambi imekwisha," maana alizaliwa na kukulia katika kambi ya wafanyakazi, na kwake nyumba nyingi zilizopangwa ndani ya mpaka mmoja ni kambi. Alimaliza wa tatu kati ya watano. Alibaki hadi usiku.

Nikaanza kujiuliza kwa nini kazi hiyo ya kuupa mchezo majina yanayotugusa ilibidi aifanye mzee wa Katuba kwa mdomo wake.

Carcassonne yenyewe siilaumu. Klaus-Jürgen Wrede aliutunga, ukatoka Ujerumani mwaka 2000, ukapata tuzo ya Spiel des Jahres, ile ya Kijerumani ya mchezo bora wa mwaka, mwaka 2001. Mji wa Carcassonne upo kweli kusini mwa Ufaransa, na kuta zake zipo kweli. Mtu akitunga mchezo juu ya mahali anapopajua, ana haki kabisa. Tena kuna sehemu moja ambapo mada inafanya kazi nzuri ya kufundisha kanuni, nayo ni mkulima. Mkulima unamlaza kwenye majani badala ya kumsimamisha, na akishalala harudi mkononi hadi mchezo uishe, ndipo anakupa pointi 3 kwa kila mji uliokamilika unaogusa shamba lake. Wageni wengi wanasumbuka na kanuni hii. Watoto wangu waliielewa mara moja, kwa sababu wanajua kuwa mtu akishapanda mahindi mwezi wa Novemba hana pa kwenda hadi avune. Hapo mada na kanuni vimeshikana.

Kinachonichosha ni yale yaliyofuata. Rafiki yangu anayeishi mtaa wa Golf hapa mjini ana rafu nzima ya michezo hii, na nimecheza mingi kwake. Alhambra, tuzo ya mwaka 2003, unajenga ikulu. Isle of Skye, wewe ni chifu wa ukoo Uskoti na una ngome yako. Kingdomino ya Bruno Cathala, tuzo ya mwaka 2017, wewe ni mfalme mwenye ngome katikati ya vigae 48 vyenye sura ya domino. Azul ya Michael Kiesling, tuzo ya mwaka 2018, unapamba ikulu ya mfalme wa Ureno. Nayo ni michezo iliyofikiriwa vizuri sana. Kingdomino naipenda kuliko nilivyotarajia: inaisha kwa robo saa, na mwanangu alijifunza kuzidisha kwa kuhesabu mataji yake, miraba 5 ya ngano mara mataji 3. Azul ni mzuri kwa mkono kabla ya kuwa mzuri kwa macho. Vile vipande 100 vina uzito na ubaridi unaofanya usitake kuviachia. Lakini ukiipanga mezani yote minne unaona ngome, ikulu, taji, ngome. Unacheza mchezo mpya ukiwa na hisia kwamba mlango huu umeshaupita.

Baadaye upepo uligeuka kuelekea wanyama na misitu. Cascadia, tuzo ya mwaka 2022, ina dubu, mbweha na samaki wa Amerika Kaskazini, na mwaka mmoja baadaye tuzo ikaenda kwa Dorfromantik yenye vijiji na misitu yake. Nilifurahi kupumzika na wafalme. Ila hata hapo, dubu wale watoto wangu wanawajua kwenye katuni tu.

Kuna mmoja nitausema kwa urefu zaidi, ingawa si wa vigae. Unaitwa Mombasa, wa Alexander Pfister, wa mwaka 2015. Jina lilinivutia nikadhani hatimaye tumefika nyumbani. Ubao ni ramani ya Afrika. Wachezaji ni wawekezaji wanaonunua hisa za kampuni nne, kutoka Mombasa, Cape Town, Saint-Louis na Kairo, na kila kampuni inatandaza vituo vyake vya biashara barani, na vikienea thamani ya hisa inapanda. Kama mashine, mchezo umetengenezwa kwa akili nyingi, sikatai. Lakini mimi ni mtu wa Lubumbashi. Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, iliundwa mwaka 1906, reli ikafika hapa mwaka 1910, mji ukaanza mwaka huohuo kwa jina la malkia wa Ubelgiji, na babu yangu alikuja hapa kutafuta kazi kwa sababu ya hisa ambazo watu wengine walikuwa nazo mbali sana. Niliweka kituo changu juu ya ramani nikajikuta mkono mzito. Tulimaliza, nikamshukuru rafiki yangu, sikuomba kurudia. Mwaka 2022 mashine ileile ilitoka upya kwa jina la Skymines, ikihamishiwa angani kwenye uchimbaji wa madini. Naelewa kwa nini walifanya hivyo. Ila naona pia kwamba tulitoka kwenye ramani bila kuwahi kupewa nafasi ya kucheza kama sisi wenyewe.

Mada kwa mchezo ni kama kitenge kwa mwili. Mwili ni uleule, lakini kitenge ndicho kinachomwambia mtu wewe ni wa sherehe gani. Nami sijakutana na sherehe yetu kwenye rafu ile. Ilhali huu mji wa kwetu umejengwa kwa namna ya vigae. Kuna reli iliyoleta kila kitu, na tanuru, na kilima cheusi cha mabaki ya mukuba, yaani shaba, kinachoonekana ukiwa bado mbali. Kuna Kamalondo, Kenya na Katuba, mitaa iliyopimwa kwa kamba, mraba kwa mraba. Kuna baiskeli za makala, yaani mkaa, zinazoingia alfajiri. Na kuna vichuguu, vile vikubwa vinavyopita paa la nyumba, ambavyo watu huvichimba kufyatulia matofali. Hebu fikiria kigae chenye kichuguu: ukivunje upate matofali ya kujengea nyumba tatu, au ukiache na upande juu yake, maana udongo wake ni mzuri? Huo tayari ni uamuzi wa mchezo, na hakuna aliyehitaji kuazima mfalme.

Baba naye aliniongezea kitu ambacho sikukifikiria. Katika Carcassonne hutokea nafasi tupu katikati ya vigae, pande zote nne zimeshawekwa, na kigae cha kuiziba hakipo au kimeshatumika. Watoto wanachukia nafasi hizo. Siku hiyo ilitokea moja kubwa, vigae vitatu kwa mstari, kati ya mji wa binti yangu na ule wa baba. Baba akaweka kidole pale juu ya mbao za meza na kusema, "Zone neutre." Akawaeleza wajukuu kwamba zamani, kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika, waliacha ukanda wa ardhi usio na nyumba, na kwamba baba yake alikuwa akiuvuka kwa miguu kabla ya jua, na jioni ilimbidi awe amesharudi upande wake. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kumsikia akisimulia hayo. Nina miaka 43.

Kuhusu ubora wa vitu vyenyewe: rangi hazijafifia, na batu ya mbao haijavunjika hata mmoja, ingawa mmoja wa kijani alipotea na nafasi yake imeshikwa na kifuniko cha chupa. Karatasi haipendi mvua zetu. Kufikia Machi vigae vilikuwa vimejikunja kidogo na vikawa havikai sawa vikirundikwa, hivyo mke wangu akashona mfuko wa kitenge na sasa tunachota humo, jambo ambalo pia linamzuia mwanangu kuchungulia kigae kinachofuata. Usiku tunavibana chini ya kamusi. Hapa mjini sijauona mchezo huu dukani. Ukiwa na ndugu anayetoka ng'ambo mwagize, na mwambie aufunge kati ya nguo.

Ukinunua mmoja tu, chukua huu kabla ya Kingdomino kama nyumbani mko zaidi ya wanne, maana unabeba watu 5. Watoto kuanzia miaka 7 au 8 wataumudu. Kwa wadogo waache kwanza wakulima, waongezeeni wakizoea. Pia, kabla ya kuwasomea wazee kitabu cha maelekezo, wawekeeni vigae mezani mwaulize wanaona nini.

Sisi tumeanza kukata maboksi ya biskuti kwa kipimo cha kigae. Binti yangu anachora, baba anamsahihisha. Hadi Jumapili iliyopita walikuwa na vigae 19, na kwenye kimoja wamegombana kama kichuguu kiwe na mti juu yake au la.