Haidrojeni ya kawaida na deuteri: pacha wasiolingana uzito
Ukitazama nje tu, hutawatofautisha pacha hawa, haidrojeni ya kawaida na aina yake nzito, deuteri: kila atomi ina protoni moja na elektroni moja, na yoyote kati yao ikiungana na oksijeni unapata maji. Tofauti imo ndani ya kiini. Deuteri ina nyutroni moja ya ziada, basi uzito wake ni karibu mara mbili. Mwanakemia Mmarekani Harold Urey aliigundua mwaka 1931.

Kwangu mimi, raha yote iko kwenye glasi. Barafu ya maji ya kawaida huelea. Ya maji mazito, yaani ya deuteri, ukiitia kwenye maji ya bomba huzama chubwi! Tena maji hayo huganda kwenye nyuzi 3.8, si sifuri. Ila deuteri ni adimu: takriban atomi moja kwa kila 6,400 za haidrojeni baharini.